Siku mbili Kigamboni, na swali la dada kuhusu kwenda baharini



Ndugu zangu katika imani, nina deni la jibu. Dada mmoja aliniandikia kwamba kila akimwomba mumewe wawapeleke watoto baharini siku ya mapumziko, mume humwambia hayo ni laghwi, Muislamu hana muda wa kuchezea, na kama ana nafasi basi aende darsa. Dada anauliza: Shehe, ni kweli? Nikamwomba anipe siku chache. Jibu la mstari mmoja ningeweza kumpa papo hapo, lakini majibu ya mstari mmoja ndiyo yanayogombanisha nyumba za watu. Mume hushika mstari wake, mke hushika wake, na watoto wanabaki sebuleni na televisheni.

Katika siku hizo chache nikaenda Kigamboni, Jumamosi na Jumapili ya tarehe 3 na 4 Januari, kabla shule hazijafungua. Nilialikwa. Kwa hiyo leo nitajibu kwa kuwasimulia niliyoyaona huko. Ni ndefu, wekeni chai pembeni.

Mwenyeji wangu simtaji jina. Ana duka Kariakoo, na nyumba yake iko upande wa Gezaulole, mwendo wa kama robo saa kwa miguu mpaka ufukweni. Kwa miaka mingi ratiba yake ilikuwa moja. Akishaswali Alfajiri anatoka, anawahi daladala, anawahi pantoni, anafungua duka. Akifunga ni foleni, pantoni, daladala, na anafika Isha imeshapita, watoto wamelala. Jumapili ni siku ya kupokea mzigo. Sikukuu ndiyo msimu wa biashara. Watu wa Sinza na Tabata hulipa nauli kwenda kuitazama bahari iliyo nyuma ya nyumba yake, na yeye alikuwa akiiona akiwa kasimama ndani ya pantoni, kaegemea chuma, anasinzia.

Mwezi wa nane mwaka jana akapata kiharusi. Hajafika miaka hamsini. Alhamdulillah, Allah amembakisha. Mguu umerudi karibu wote, mkono wa kulia bado mzito, na maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayehesabu chenji. Alinipigia mwenyewe, hakumpa mtu simu amsemee. Akasema: "Shehe. Njoo. Lete watoto. Bahari."

Tungeweza kupita Daraja la Nyerere pale Kurasini. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa mita 680, na limewaondolea watu wa Kigamboni dhiki kubwa. Lakini watoto walitaka pantoni. Tukaenda Magogoni, tukasimama kwenye umati na mabegi na ndoo, geti likafunguliwa, tukaingia mbio kama ilivyo desturi, ingawa hakuna anayejua mbio zile ni za nini, maana chombo kinamsubiri kila mtu. Nikawakumbusha wanangu dua ya Nabii Nuh (a.s.) alipowaambia watu wake wapande safina, ipo katika Surat Hud. Mdogo wangu wa mwisho alipomaliza kuisoma tulikuwa tumeshafika ng'ambo.

(Kabla hamjauliza, maana nawajua: hapana, kuvuka pantoni siyo safari ya kupunguza swala.)

Tulipofika nyumbani kwa mwenyeji, yeye alikuwa tayari kakaa barazani na kofia yake, anasubiri. Mkewe akatuletea chai na vitumbua. Nikamsalimu, "Hamjambo shemeji, habari za mgonjwa?" Akajibu kwamba mgonjwa hajambo, kisha akasema neno ambalo sikulitegemea asubuhi ile. Alisema, "Shehe, Mungu anisamehe, lakini huu ugonjwa umetuletea baba. Huyu mtoto wa mwisho ana miaka sita. Mchana alikuwa anamjua baba yake kwa sauti ya simu."

Mwenyeji alisikia. Aliangalia chini.

Tukaenda ufukweni saa tatu na nusu, taratibu, kwa mwendo wake yeye. Sasa hapa nataka niwaeleze kitu, kwa sababu wengi wetu tumezaliwa mjini na tunaiona bahari kama picha. Siku ile Rajab ilikuwa imefika katikati, mwezi mpevu. Na mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo unaandama, bahari inakuwa kwenye bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu hii tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita tatu. Zile siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Bamvua ya pwani hii ina saa zake. Asubuhi, saa nne kwenda saa tano, maji yako mbali kabisa, na alasiri yamejaa hadi karibu na minazi.

Kwa hiyo tulipofika, bahari haikuwepo. Palikuwa na uwanja mrefu wa mchanga na mawe na vidimbwi, na mbali huko mstari mweupe wa mawimbi. Akina mama wa kijijini walikuwa tayari ndani, madera wameyapandisha na kuyafunga kiunoni juu ya suruali, ndoo mkononi, wengine na vijiti vya chuma vya kuchokolea pweza. Wanajua siku zao. Huwaoni wakati wa maji mafu. Watoto wangu wakawafuata, na mmoja wa wale mama akawaonyesha namna ya kulijua tundu alimo pweza: huyatupa mabaki ya chakula chake mlangoni, magamba ya kaa na kombe, kama mtu asiyefagia.

Chini ya mti wa mkungu palikuwa na mzee mmoja na vijana wanne wanashona nyavu. Mashua zao zimepandishwa juu, moja inatiwa kalafati. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." Akaitikia marahaba, tukakaa. Nikamuuliza mbona leo hamjaingia baharini, hali shwari na upepo wa kaskazi ni mzuri? Akanitazama kwa huruma kidogo. "Shehe, sisi watu wa dagaa. Hii mbalamwezi. Taa itafanya nini?"

Maana yake ni hii. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kwenye giza taa inawavuta, wanakusanyika, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, na dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa yako. Kwa hiyo kila mwezi, katika siku hizo, wavuvi wa dagaa wanapumzika. Wanashona, wanaziba nyufa, wanakata nywele, wanakaa na wake zao, wanahudhuria harusi na misiba waliyoikosa. Hakuna bosi aliyewapa likizo hiyo.

Nikamkaribisha mzee dafu. Akasema amefunga. Hapo ndipo nilipopata somo langu la siku ile, na nawaambia nilikuwa mimi mwenye kanzu pale. Ayyaamul biidh, siku zile nyeupe ambazo Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuzifunga kila mwezi, tarehe 13, 14 na 15, zinaangukia ndani ya mbalamwezi yake. Sisi tunazitafuta kwenye kalenda ya simu. Mzee yule hana haja. Mashua ikipandishwa juu, funga imefika. Mwezi ule ule unaompumzisha ndiyo unaomwita.

Nikamgeukia mwenyeji wangu. Alikuwa anawatazama wale vijana na nyavu zao kwa muda mrefu, bila kusema kitu.

Sasa nije kwenye swali la dada.

Kwanza, tuseme ukweli kwamba Uislamu haukutuwekea siku ya kutofanya kazi. Hata Ijumaa, Surat al-Jumu'a aya ya 10 inatuambia swala ikishamalizwa tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila za Allah. Jumamosi na Jumapili tumezikuta kwenye kalenda ya ofisi. Kwa hiyo ndugu anayesema wikiendi siyo ibada, kwa hilo hajakosea.

Alipokosea ni kudhani kwamba kisichokuwa swala wala darsa ni upuuzi. Imam an-Nasai katika Sunan al-Kubra amepokea hadithi inayotaja mambo manne ambayo hayahesabiwi kuwa mchezo wa bure hata kama ndani yake hakuna dhikri: mtu kujifunza kulenga shabaha, kumfunza farasi wake, kucheza na mkewe, na kujifunza kuogelea. Rudia kuisoma orodha hiyo, ndugu yangu. Mke yumo. Maji yamo. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), mara ya kwanza akamshinda, na baadaye alipoongezeka mwili Mtume akamshinda yeye, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Imo katika Sunan Abi Daud. Na Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi huku Mtume amesimama akimkinga Bi Aisha ili aangalie mpaka atosheke mwenyewe. Alisimama, hakumharakisha. Wangapi kati yetu wanaweza kusimama dakika kumi tu mke aangalie anachokipenda bila kutazama simu?

Lakini kisa kilichonijia pale ufukweni ni cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), kilichopokelewa na Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu. Salman akaenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta Ummu Dardaa kavaa ovyo, hajijali. Akamuuliza una nini? Akajibu kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Zingatieni, mwenye nyumba alikuwa kwenye ibada. Mchana amefunga, usiku amesimama. Siyo kwenye mpira wala kijiweni. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, wakasimama pamoja mwishoni mwa usiku, kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na ahli zako wana haki, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli.

Angalieni nani alikuwa dalili katika kisa hiki. Mke. Salman hakuhitaji kuhesabu rakaa za mwenyeji wake, alimwona mke tu akajua kuna haki imelala. Na ikiwa Abu Dardaa aliambiwa hivyo kwa swala na funga, sijui duka la Kariakoo litasemaje.

Wakati ule maji yalikuwa yameanza kurudi. Bahari ya bamvua ikirudi hairudi kwa kishindo, unaona tu vidimbwi vinaungana, mchanga unakuwa mweusi, na ukigeuka jiwe ulilokuwa umekalia lina maji kiunoni. Wake zetu waliingia na madera yao upande wa mawe ambako hapakuwa na wanaume. Mimi nikaingia na wavulana. Mwenyeji akakaa pale maji yanapoishia, miguu ndani, na binti yake wa miaka sita akawa anauchukua ule mkono wa kulia, anauzamisha, anautoa, anauosha mchanga, anauzamisha tena, na kila mara anamwambia, "Baba, fungua vidole." Vikawa vinafunguka viwili, wakati mwingine vitatu. Waliendelea hivyo mpaka Alasiri. Sikuwahi kumwona mtu huyu kwa miaka yote akifanya jambo moja muda mrefu bila kuangalia saa.

Tukaswali Alasiri pale pale juu ya mchanga, maji yamejaa mpaka karibu na mizizi ya minazi.

Usiku, baada ya Isha, tukakaa barazani wawili. Mkewe alikuwa ameniomba niseme naye, kwa sababu amepanga kurudi dukani kama zamani, kutoka alfajiri mpaka usiku. Nikamkumbusha kisa cha Salman. Akasikiliza chote. Akasema neno moja, "Madeni."

Ndugu zangu, hapa wahubiri wengi tunapita haraka. Ni rahisi kumwambia mtu apumzike. Mzigo uliokuja kwa mkopo haupumziki. Kodi ya fremu haijui mbalamwezi. Yule mama aliyetukaangia mihogo ufukweni alisimama kwenye jiko la mkaa tangu asubuhi mpaka jioni ili sisi tuketi, na akikosa wikiendi mbili ada ya mtoto imekwenda. Kwa hiyo sikumjibu kwa aya. Tulichukua karatasi. Tukaandika deni moja moja, la nani, la lini, nani anaweza kusubiri, nani hawezi. Yalikuwa sita. Wawili kati ya wadai nawajua, ni watu wa kuswali, na Surat al-Baqara aya ya 280 inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Nimeahidi kwenda kuwaona. Mwanawe mkubwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na kwa sasa yeye ndiye anafungua duka. Mwenyeji alikuwa amefikiria amwache hapo moja kwa moja. Kijana alikuwa kakaa kwenye ngazi, giza, tukidhani hasikii. Akasema kwa adabu, "Baba, mimi nitafungua mpaka matokeo yatoke. Lakini sitaki nije niwe nakuja nyumbani usiku." Baba yake hakusema kitu. Baadaye alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika chini ya madeni, herufi kubwa zilizopinda: saa 3, saa 10. Maana yake atafungua saa tatu asubuhi na atafunga saa kumi jioni. Kama deni litamruhusu, Allah ndiye mjuzi. Tumwombee.

Jumapili baada ya Alfajiri tulikwenda Mbwamaji kuzuru makaburi. Wengi hawajui kuwa kabla Sayyid Majid hajaanza kujenga mji wake wa Dar es Salaam miaka ya 1860, upande huu wa Mbwamaji tayari palikuwa na mji wa Waislamu, na makaburi yao ya mawe na chokaa bado yapo. Tuliwasomea Fatiha. Watoto wakauliza wamelala hapo tangu lini, nikawaambia tangu kabla ya pantoni.

Njiani kurudi niliona jambo lililonikera na nitalisema. Njia ya kushuka baharini ambayo mzee wa nyavu anasema alipita na ndoo ya baba yake, sasa ni uchochoro kati ya kuta mbili ndefu, wapite watu wawili kwa ubavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka maji yanapojaa. Sina jina la kumtaja, na huenda wenye kuta wana karatasi zao. Lakini Mtume (s.a.w.) amehesabu kuondoa kero njiani kuwa ni tawi la imani, basi kuijenga kero kwa saruji ni nini? Na sisi wageni wa wikiendi tusijione wasafi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, ila chupa na vifungashio vya chipsi tulivyovikuta vimekwama kwenye mawe ya wale akina mama havikuletwa na pweza. Halafu mtu huyo huyo, katoka na gari lake, anabishana na muuza mihogo juu ya shilingi mia mbili.

Dada yangu uliyeuliza, mwonyeshe mume wako maneno haya kwa upole, usimsomee kwa sauti. Kama mtakwenda, chagueni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndiyo unaandama. Maji yatakuwa nje asubuhi kati ya saa tatu na saa tano. Watoto watembee kwenye mawe na viatu, kuna wale viumbe wa miiba mieusi. Waogelee maji yakiwa yanapanda, na mtu mzima awe ndani pamoja nao, siyo juu na simu. Yakianza kushuka kwa kasi watoke. Epukeni zile fukwe za muziki na pombe, nendeni za vijijini na muombe ruhusa kwa wenyeji. Adhuhuri itawakuta huko, bebeni mswala, maji ya kunywa na mfuko wa taka. Mihogo msibebe, mtaikuta.